Alitumwa Bosnia kuchora vita, akarudi na picha ambayo makavazi yaliikataa

Hebu nikuulize kitu kabla hujarukia stori nyingine. Ukipewa rangi, brashi na tiketi ya ndege, ukaambiwa uende mahali watu wanauana kisha urudi na picha, utachora nini? Bunduki? Moshi? Nyumba iliyochomwa? Ama utachora kile kitu ambacho hukukiona kwa macho yako, lakini mtu alikusimulia akiwa ameinamisha kichwa, na tangu siku hiyo usingizi ukakuhepa?

Si swali la kutunga. Mwaka 1993 lilimwangukia Mskoti mmoja anayeitwa Peter Howson, na jibu alilotoa kwa rangi lilizua vurumai London mwaka uliofuata. Najua unachosema: Scotland na Bosnia zinanihusu nini mimi niliye Umoja ama Kisauni na bando langu la ishirini bob? Subiri. Tutafika nyumbani, na tukifika utaona hii kesi ni yetu pia.

Kwanza ujue kuna kazi inaitwa mchoraji rasmi wa vita. Waingereza walianza kuitoa mwaka 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimechacha, na wa kwanza kuipata alikuwa Muirhead Bone. Unapewa kibali, unapelekwa karibu na wanajeshi, unachora, kisha kazi yako inahifadhiwa na taifa. Unaweza kudhani ni kazi ya kusifu jeshi tu, na kwa wengine ilikuwa hivyo. Lakini kuna walioenda wakabadilika. Paul Nash alikuwa kijana wa kuchora miti na mashamba, mambo ya utulivu kabisa. Akafika Ypres, Ubelgiji, mwaka 1917, akakuta matope yamemeza kila kitu. Mwaka 1918 akatoa picha ya vigutu vya miti iliyolipuliwa na udongo uliovurugwa kama mawimbi, jua likichungulia kutoka nyuma. Hakuna mtu hata mmoja ndani yake. Akaiita We Are Making a New World, yaani tunaunda dunia mpya. Ukiijua hiyo picha, jina lake linauma.

Sasa, wakati wa Nash hakukuwa na runinga. Mwaka 1993 ilikuwako. Vita vya Bosnia vilikuwa vikiingia sebuleni mwa watu Ulaya kila jioni, damu na yote. Kwani bado kulikuwa na haja gani ya kumtuma mtu na penseli? Makavazi ya vita ya London, Imperial War Museum, yaliona haja ipo. Kwa ushirikiano na gazeti la The Times, yakamchagua Howson.

Huyu msee alizaliwa London mwaka 1958, familia ikahamia Scotland akiwa mtoto mdogo. Mwaka 1975 akaingia chuo cha sanaa cha Glasgow, na miaka miwili baadaye akaacha. (Sisi tulioacha chuo katikati tunajuana. Hakuna anayekuuliza ulijifunza nini, wanauliza tu ulifanya graduesheni lini.) Akajiunga na jeshi, akakaa miezi michache, akalichukia, akatoka. Mwaka 1979 akarudi chuo kilekile na mwaka 1981 akamaliza. Hapo ndipo aliponiacha.

Picha zilizompa jina zilikuwa za watu ambao hakuna anayehangaika kuwachora: wanaolala barabarani, mabondia, walevi, wanaume wasio na kazi katika mji ambao viwanda vyake vilikuwa vimekwisha. Aliwachora wakubwa, mikono kama magogo, shingo kama za fahali, wale mabaunsa unaowaona wakilinda milango Westlands ila wameshushwa na maisha. Ukiziangalia, unahisi mchoraji anawapenda hawa watu na anawaogopa kwa wakati mmoja. Hiyo misuli iweke akilini, tutairudia.

Bosnia kwa ufupi, manake vitabu vizima vimeandikwa. Yugoslavia ilikuwa nchi moja yenye jamhuri sita, ikaanza kusambaratika mwaka 1991. Bosnia ilipojitangazia uhuru mwaka 1992, makundi yake matatu makubwa yakajikuta vitani: Waislamu, ambao siku hizi wengi huitwa Wabosniaki, Waserbia na Wakroatia. Hawa ni watu walioelewana lugha bila mkalimani, waliosoma shule moja, waliooana. Kufikia mwisho wa 1995 vita vilipokoma, karibu watu 100,000 walikuwa wameuawa na zaidi ya milioni mbili wametoka makwao. Mji mkuu, Sarajevo, ulikuwa umezingirwa karibu miaka minne. Na usidhani sisi hatukuwepo kabisa. Wanajeshi wa Kenya walivaa kofia za samawati za Umoja wa Mataifa nchini Kroatia, nchi jirani, miaka hiyohiyo. Kama una mjomba aliyekuwa jeshini wakati huo, muulize alikuwa wapi.

Bosnia ya kati, walikokuwa wanajeshi wa Uingereza, vita vilikuwa vimegeuka vikawa vya kuchanganya zaidi. Wakroatia na Waislamu, ambao mwanzoni walikuwa upande mmoja dhidi ya Waserbia, sasa walikuwa wakimalizana wenyewe kwa wenyewe. Alfajiri ya Aprili 16, 1993, vikosi vya Wakroatia vilivamia kijiji cha Ahmići, karibu na mji wa Vitez, vikaua zaidi ya Waislamu 100, wanawake na watoto wakiwemo. Nyumba za Waislamu zikachomwa, za majirani zao Wakroatia zikabaki zimesimama. Mnara wa msikiti ukalipuliwa ukalala juu ya paa.

Howson alitua Bosnia Juni mwaka huo. Miezi miwili tu baadaye.

Akashindwa. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo watu walivyolisema wakati huo. Alirudi nyumbani mapema kuliko ilivyopangwa, mgonjwa, ametikisika, na kwenye magazeti wakamdhihaki: mchoraji wa vita anayekimbia vita! Na tusijifanye, hapa kwetu angetrendi siku tatu. Kuna mtu angechukua uso wake akaweka maneno ya kuchekesha juu, na mimi na wewe tungesambaza kabla hatujamaliza kusoma.

Ila mimi naona kinyume. Kama kuna mtu angetoka pale akiwa sawasawa, anakula vizuri, analala vizuri, picha zimejaa mkobani na ziko safi, huyo ndiye ningemshuku. Wapiga picha wengi wa vita wamesema kamera huwasaidia kusimama, manake inakaa kati ya jicho na kitu. Mchoraji hana hicho kioo. Penseli ni polepole. Ukitaka kuchora uso wa mama aliyefukuzwa kwake, lazima uuangalie dakika ishirini, dakika thelathini, wakati mpiga picha alishabonyeza akaenda. Halafu unarudi nyumbani, na kazi yenyewe ndiyo inaanza. Unasimama mbele ya kitambaa siku nzima, wiki nzima, ukiutengeneza upya uso uleule kwa mkono wako, mkunjo baada ya mkunjo. Hakuna njia ya kuchora maumivu kwa rangi ya mafuta bila kukaa nayo chumba kimoja mpaka yakauke, na rangi ya mafuta haina haraka ya kukauka.

Desemba mwaka huohuo, wakati hakuna aliyeweza kumlazimisha, alirudi Bosnia. Hiyo sehemu waliomcheka huwa hawaitaji.

Kazi zake zilionyeshwa katika yale makavazi ya London mwaka 1994. Nataka tuangalie picha mbili tu.

Ya kwanza inaitwa Cleansed. Waliosafishwa. Ni kundi la Waislamu waliofukuzwa makwao, wako nje na vifurushi vyao, hawana pa kwenda. Mimi hilo jina peke yake lilinisimamisha. Kusafisha. Waliokuwa watu wazima mwaka 2007 wanakumbuka neno letu wenyewe, madoadoa, lililokuwa likitumiwa Bonde la Ufa kuwaita wale wa makabila mengine. Na doa, kila mtu anajua hufanywa nini. Bosnia na Bonde la Ufa ziko mbali, lakini waliotafuta maneno walikwenda kwenye beseni moja la kufulia.

Ya pili inaitwa Croatian and Muslim. Sitaielezea yote, hii ni kurasa ya vijana na pia mimi mwenyewe siwezi. Ni ndani ya nyumba, nyumba ya kawaida kabisa. Kuna wanaume wawili na mwanamke mmoja, na wanamfanyia kile unachofikiria. Ile misuli niliyokuambia uiweke akilini iko hapa. Zile shingo, ile migongo mipana. Lakini ile huruma aliyokuwa nayo kwa walevi wake wa Glasgow imeondoka. Nguvu zote zile za mwili, ambazo zamani ungeweza hata kuzionea fahari, hapa hazina kazi nyingine ila kumkandamiza mtu mmoja. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hisia halisi aliyorudi nayo Bosnia, na haihitaji bomu wala kifaru ndani ya picha. Mtu aliyekuwa akichora wanaume wenye nguvu maisha yake yote, ghafla anajua nguvu hizo hufanya nini mlango ukifungwa.

Makavazi yalipaswa kuchagua kazi ya kubaki nayo. Yakachagua Cleansed. Croatian and Muslim wakaiacha.

Hoja iliyotanda wakati huo ilikuwa hii: Howson hakuliona tendo hilo. Mchoraji rasmi wa vita anatumwa akashuhudie, na hii alikuwa amesimuliwa na waathiriwa, akaijenga kichwani. Baadaye picha ikanunuliwa na David Bowie. Ndiyo, yuleyule mwanamuziki.

Nimeikalia hii hoja wiki nzima, na kila nikiizungusha inazidi kunikera. Hebu fikiria na wewe, nani huona ubakaji wa vitani? Anayeufanya. Anayefanyiwa. Labda mtoto aliyefichwa chini ya kitanda. Mwandishi wa habari hakaribishwi. Wanajeshi wa Umoja wa Mataifa wanafika asubuhi. Kwa hivyo ukisema mchoraji asichore ila alichokiona, kifaru kitachorwa, manake kinapita barabarani mchana. Nyumba iliyoungua itachorwa, itakuwa pale hata mwaka ujao. Mkimbizi atachorwa akiwa kwenye foleni ya unga. Lakini tendo hili moja halitachorwa milele, na waliolifanya walichagua chumba kwa sababu hiyohiyo. Sheria ya kuona inamfaa aliyefunga mlango.

Na halikuwa tendo la mtu mmoja aliyelewa. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba kati ya wanawake 20,000 na 50,000 walibakwa katika vita vile, wengi wao Waislamu. Februari 22, 2001, mahakama ya Umoja wa Mataifa kule The Hague iliwahukumu Waserbia watatu wa Bosnia kwa waliyowafanyia wanawake na wasichana katika mji wa Foča, na ikasema wazi kwamba ubakaji na utumwa wa ngono ulikuwa uhalifu dhidi ya binadamu. Walifungwa miaka 28, 20 na 12. Unajua ushahidi ulikuwa nini hasa? Wanawake wenyewe, wakisimama mbele ya majaji na kusimulia. Majaji hawakuwa Foča. Walisikiliza, wakapima, wakaamini. Mbona kwa jaji kusikiliza kunatosha kumfunga mtu miaka 28, na kwa mchoraji hakutoshi hata kupata ukuta wa kutundika picha?

Ukirudi nyuma kidogo utaona huu ubishi ni mzee. Goya, yule Mhispania, alichonga picha 82 za unyama wa vita mwanzoni mwa karne ya 19, na moja akaiandikia chini kwamba aliiona mwenyewe. Hazikuchapishwa mpaka mwaka 1863, miaka 35 baada ya kifo chake. Picasso naye hakuwa Guernica siku ile Aprili 1937 ndege zilipoumwagia mji huo mabomu. Alikuwa Paris, akapata habari kwenye magazeti. Picha aliyoitoa ina upana wa karibu mita nane, na sijawahi kusikia mtu akimwambia airudishe kwa sababu hakuwepo.

Halafu kuna wa kwetu, anayezungumza Kiswahili. Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi, Kongo. Katikati ya miaka ya sabini alichora historia ya nchi yake, picha zaidi ya 100, na akamweleza mtafiti Johannes Fabian moja baada ya nyingine kwa Kiswahili cha kwao cha Shaba. Ndani yake kuna vita vya Katanga, kuna Lumumba akikamatwa, kuna kifo cha Lumumba mwaka 1961. Tshibumba wakati huo alikuwa kijana mdogo, na mauaji yale yalifanywa usiku, porini, kwa siri, mwili ukapotezwa. Hakuona, na hakuna raia aliyeona. Alichora kile ambacho watu wa Lubumbashi walikuwa wakikijua na kunong'onezana, akasema hii ndiyo historia. Miaka ya themanini mwanzoni yeye mwenyewe akapotea, na hadi leo haijulikani alikoishia.

Nilikuahidi tutafika nyumbani. Tumefika.

Ukiulizwa vita vya baada ya uchaguzi wa 2007, unaona nini? Wengi wetu tulikuwa darasa la kwanza, la pili, wengine hata hawajaanza shule, kwa hivyo tunaona picha za watu wengine. Reli iliyong'olewa Kibera. Kanisa la Kiambaa lililochomwa watu wakiwa ndani, Januari 1, 2008. Vijana na panga barabarani Naivasha. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na mamia ya maelfu wakahama makwao. Hayo yote yana picha. Boniface Mwangi na wapiga picha wenzake walihatarisha maisha wakazipiga, na baadaye zikazungushwa mijini kwenye maonyesho ya Picha Mtaani ili watu wasijifanye wamesahau.

Lakini ripoti hiyohiyo ya Waki ina sura nzima kuhusu ubakaji na dhuluma za kingono za miezi ile. Wanawake, wanaume pia. Fumba macho ujaribu kuikumbuka picha yake. Haipo. Mwaka 2013 waathiriwa wanane walienda Mahakama Kuu kudai serikali iliwaacha, na kesi ikavutwa na kuvutwa hadi Desemba 2020. Jaji akawapa wanne kati yao Sh4 milioni kila mmoja. Wanne wengine hawakupata fidia. Miaka saba mahakamani kwa ajili ya kitu ambacho wewe na mimi hatuwezi kukiona tukifumba macho. Mimi siamini hayo mawili hayahusiani. Kitu ambacho hakina picha, nchi hukiweka chini ya faili nyingine.

Nisikosee wasanii wetu, lakini. Wakati Kibera inaungua, kuna jamaa wa pale pale, Solomon Muyundo, anayejulikana kama Solo Saba, alichukua rangi akatembea akiandika ujumbe wa amani kwa herufi kubwa kwenye kuta, kwenye milango, kwenye mabati ya vibanda. Ukipita Kibera leo jina lake bado utaliona. Huyo hakutumwa na makavazi wala gazeti. Hakuwa na mahali pa kurudi baada ya wiki mbili, manake mahali pa kurudi ndipo hapo hapo palipokuwa pakiungua. Howson alichora hofu yake baada ya kutoka, Solo Saba aliandika kinyume cha hofu akiwa bado ndani. Ukinilazimisha kuchagua aliyekuwa na roho ngumu zaidi, nachagua wa mtaani.

Kuna watakaosema siku hizi hatuhitaji haya, kila mtu ana simu. Ni kweli tuliona Juni 25, 2024 moja kwa moja, kutoka pembe hamsini, bunge na moshi na vijana wakianguka. Tumeona Goma, tumeona Gaza, tumeona Khartoum, tunaona tukiwa kwenye matatu halafu tunatelezesha kidole tunaenda kwa video ya mapishi. Lakini simu haikuingia ndani ya gari lisilojulikana. Mchora katuni Kibet Bull, yule wa vivuli vyeusi, alitoweka siku ya kuamkia Krismasi mwaka 2024 na akapatikana Januari 2025. Siku zote hizo alikuwa mahali fulani, katika chumba fulani, na hakuna video. Vitu vinavyotuvunja kabisa bado vinafanyika ndani ya vyumba, na ukitaka kuvijua itabidi umsikilize aliyetoka.

Sasa nikuambie kinachonisumbua, usije ukadhani nimemfanya Howson malaika. Yule mwanamke kwenye picha ni nani? Kama kuna mama Bosnia aliyesimulia hayo, je, alitaka yatundikwe mbele ya watu London wakiwa wamevaa makoti mazuri? Picha ikauzwa kwa tajiri, maarufu, ikaenda kwenye mkusanyiko wake binafsi. Tendo lililofanywa chumbani likachorwa, likaingia chumba kingine. Na kuna swali la nani anachora: mwanaume, mgeni, ana pasi ya kutoka. Nadhani wanawake wa Bosnia wana haki ya kuichukia ile picha. Ila hilo ni jambo tofauti na makavazi kuikataa kwa hoja kwamba hakuona. Hoja ya kwanza inamlinda mwathiriwa. Ya pili sijui inamlinda nani.

Na Howson mwenyewe alilipa. Pombe na dawa vilimpeleka vibaya baada ya miaka ile, ndoa ikavunjika, mpaka kufikia mwaka 2000 ilibidi aingie kituo cha matibabu. Alitoka akiwa Mkristo aliyeokoka, na misalaba ikaanza kujaa kwenye picha zake. Watu hupenda kusema msanii lazima ateseke ndio kazi iwe nzuri. Hizo ni stori za wasiowahi kumuosha mtu aliyelewa akitapika saa tisa usiku. Hakuna kitu kizuri kwenye kiwewe, na kama gazeti ama makavazi yanamtuma mtu mahali kama Ahmići, yanapaswa kujua ni nani atakayemshika mkono akirudi. Hapa kwetu tuna vijana wanaopiga picha maandamano, wanaenda mochari kuhesabu, wanarudi kwa chumba kimoja Kayole na kuhariri hadi asubuhi. Waulize nani aliwahi kuwauliza wanalala vipi.

Julai 1995, baada ya Howson kurudi kwao na maonyesho kuisha, wanajeshi wa Waserbia wa Bosnia waliingia Srebrenica, mji uliotangazwa kuwa salama chini ya Umoja wa Mataifa, wakaua wanaume na wavulana wa Kiislamu zaidi ya 8,000 kwa siku chache. Howson hakuwa hapo. Miaka zaidi ya ishirini ikapita, akazeeka, ndevu zikawa nyeupe, na siku moja akaketi Scotland akachora mauaji ya Srebrenica, kutoka kwa yale aliyosikia na yale aliyobeba tangu 1993. Mwaka 2023, alipofikisha miaka 65, jumba la City Art Centre la Edinburgh lilimfanyia maonyesho makubwa ya kazi zake za maisha yote. Cleansed iko London hadi leo, kwenye yale makavazi.